Ufa Nilioufuta

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilitoka nyumbani Ngoingwa. Nilikuwa nimepigiwa simu: jaribio la kisima limekwisha, njoo ujionee.

Kwa miaka mitatu, pale chuoni Juja, nilitumia kompyuta kukokotoa jambo moja: maji yakisukumwa kwa nguvu kupitia kisima kimoja hadi ndani ya mwamba wa moto, mwamba utapasuka kuelekea wapi? Ufa ukifikia kisima cha pili, maji hupanda huko yakiwa mvuke wa kuzalisha umeme. Hesabu zangu zilisema mashariki. Wakachimba kisima cha pili mashariki.

Eneo la Viwanda nilipanda lori lililobeba mabomba ya kule kisimani, Bonde la Ufa. Dereva, Kamau, aliniuliza, "Sasa daktari, hiyo kompyuta inaona huko chini kweli?"

"Inakisia tu."

Alicheka. Mimi sikuweza.

Saa tatu tulipita Gatura, ukungu umelala juu ya mashamba ya chai. Njabini baridi ilituuma, kisha tukateremka bondeni.

Saa saba tulifika. Nekesa, msimamizi wa uchimbaji, alinipa mkono wenye matope. "Pole na safari."

"Maji yametokea?"

"Hata tone. Yamefuata ufa wa zamani, kusini, yakapotelea huko." Nyuma yake wachimbaji walikuwa wakifunga mizigo, mradi ulikuwa umesimamishwa. "Huo ufa ulikuwa kwenye picha za miamba tulizokutumia. Hukuuona?"

Niliuona. Kila nilipouingiza kwenye hesabu, kompyuta ilionekana kukwama. Nikaufuta ili nimalize.

Jumanne, nikirudi, nilishuka Ruiru. Profesa Wekesa, aliyenifundisha na kuniamini, anaugua huko kwa bintiye.

"Ingia, dada," binti alisema. "Tangu jana anakuulizia."

Profesa alijiinua kwa kiwiko. "Mvuke?"

"Hakuna."

"Na ule ufa wa kusini? Si uliniambia umo kwenye hesabu?"

"Nilikudanganya, Profesa."

"Ripoti ile ya hesabu zako ina sahihi yangu," alisema, akageukia ukuta. Chai niliyoletewa ikapoa.

Nilirudi Juja nikauingiza ule ufa, nikaiacha kompyuta ihangaike. Ilichukua siku kumi na tisa. Ikasema kusini.

Nilichojifunza hakimfai Nekesa wala wale waliofunga mizigo. Kompyuta haikukosea, wala mwamba haukunificha kitu. Zilihitajika siku kumi na tisa za kungoja, nami sikungoja. Nimempigia Profesa mara tatu. Bintiye ndiye hupokea.