Ng'ombe Wasiohesabiwa

Nilipoanza uzamili wa biashara Mbarara, nilikuwa tayari na wajukuu. Kikundi cha maziwa cha kanisa letu, hapa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kilihitaji mtu wa kukiongoza, na katika wazee wa kanisa mimi peke yangu nilikuwa na shahada, ya theolojia, niliyoisomea Kongo kabla hatujakimbia. Basi nikatumwa. Jumamosi nilikuwa darasani pamoja na vijana wa umri wa kitinda mimba wangu. Siku za kazi nilifanya staji, yaani mafunzo ya kazini, katika kampuni ndogo ya maziwa yenye ofisi Kamukuzi, mjini Mbarara. Jumapili nilihubiri.

Watu waliniuliza kama nachoka. Nilikula, nikasoma, nikalala. Moyo ulikuwa kama mkono uliolaliwa: upo, unauona, lakini ukiugusa hausikii kitu. Asubuhi nilimshukuru Mungu kwa maneno yaleyale ya jana, nikiamini kwamba anapokea hata shukrani isiyo na joto.

Kazi ya staji ilikuwa moja: kuwatembelea wafugaji wa kambini na kuwauliza kila mmoja ana ng'ombe wangapi, ili kampuni ijue kama inafaa kuweka tangi la kupozea maziwa karibu na Rwekubo, mji mdogo jirani na kambi. Bila kazi hiyo kukubaliwa nisingehitimu, na kikundi kisingekuwa na uwezo wa kumtuma mtu mwingine.

Kwetu, katika milima ya Kivu ya Kusini, mtu haulizwi idadi ya ng'ombe wake. Unauliza kama wameshiba, kama mvua imewafikia, kama yule mweupe amezaa. Idadi mwenyewe haitamki, maana kuitaja ni kama kuwaitia balaa. Nimehubiri miaka mingi kwamba ulinzi wetu uko kwa Bwana. Hata hivyo, kila nilipofika kwenye zizi la mtu, nilikunywa maziwa, nikaomba pamoja na wenyeji, nikaaga bila kuuliza.

Msimamizi wangu, kijana wa Kampala, alizipekua karatasi zangu.

"Ssebo, mzee wangu, hii nini sasa? Wanakula vizuri, wanakula vizuri. Namba iko wapi?"

"Ni vigumu kuuliza, bosi."

"Vigumu? Mzee, wewe napiga hodi, nauliza ng'ombe ngapi, naandika. Kwisha. Lete namba wiki ijayo, ama mimi siweki sahihi."

Nilisema asante. Nilikaa nje ya ofisi nikingojea hofu ije, haikuja.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Alikuwa akichambua maharage, hakuinua kichwa.

"Na wewe, ungemujibu mutu anakuja kukuuliza vile?"

"Hapana."

"Basi bale nabo, utabauliza je?"

Siku iliyofuata nilikwenda kwa mfugaji mzee kuliko wote, mtu wa kanisa letu, aliyenijua tangu kule Kongo. Wakwe zake wawili walikuwa wamekaa naye. Safari hii niliuliza. Wale wakwe waliangua kicheko.

"Muchungaji! Ile hesabu ni ya kodi, ao ni ya kwiba?"

"Ni masomo gani ile, inatuma muzee mwenye mvi kuhesabia batu ngombe?"

Yule mzee hakucheka. Alinitazama, akasema polepole:

"Na wewe, kule kwetu, ulikuwaka na ngapi?"

Nikamtajia. Niliitamka idadi yote, pamoja na ndama, kama mtu anayesoma tangazo la ibada. Ng'ombe wale walichukuliwa kwa siku moja, vita vilipofika kijijini, wala hakukuwa na kitu tena cha kuogopea kuitaja. Sauti yangu haikutetemeka. Nilikuwa nimetarajia kwamba siku nitakapoisema nitalia.

Wakwe waliacha kucheka. Mmoja akavua kofia. Mzee aliinama, akakwaruza udongo kwa fimbo yake.

"Andika," akasema, akanitajia idadi ya wake. Kisha akawageukia wakwe zake. "Na benyewe baseme, andika."

Akamwita jirani aliyekuwa akipita, naye akamwambia aseme. Mpaka jioni wafugaji wa upande ule wote walikuwa wamesema, kila mmoja kwa sauti ya chini, akitazama pembeni.

Kule Kamukuzi, msimamizi alifurahi sana. Aliweka sahihi palepale.

"Umeona, mzee? Ilikuwa kitu rahisi tu."

"Ndiyo, bosi," nikasema.

Tangi liliwekwa, nami nikahitimu, na kwa hayo yote namshukuru Mungu. Usiku ule wa sahihi nilipiga magoti kando ya kitanda nikawaombea ng'ombe wa wale watu, mfugaji mmoja mmoja kwa idadi yake, ili wasipatwe na kitu. Niliomba mpaka magoti yakauma. Maumivu hayo niliyasikia.