Wimbo Uliotolewa Jina

Sifa zilinikuta nimesimama, kama mambo yangu mengi. Nilikuwa saluni, katikati ya jiji la Durban, kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu bado kimetimka, simu ikalia. Alikuwa mhadhiri mmoja Mkenya wa chuo kikuu hapa, mtu wa kwanza kuandika gazetini kuhusu albamu yangu.

"Dada, hongera sana! Sasa hata wahakiki wa ng'ambo wamekuandika. Wote wanautaja ule wimbo wa tano."

Nilimshukuru huku nimeibana simu kwa bega, vidole vikiendelea na kazi. Mteja akaniuliza kama nimefiwa, maana uso wangu ulikuwa wa msiba. Nikamjibu kwamba hapana, nimesifiwa. Alicheka sana. Mimi sikuwa na nguvu za kucheka, kwa sababu nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, na jirani yangu wa kiti cha pili alikuwa wiki ya tatu hasemi nami.

Huyo jirani ndiye aliyenifundisha kusuka. Nilipofika kutoka Bukavu, Kongo, nilikuwa najua kuimba tu, na kuimba hakumpi mtu pa kulala. Yeye alinigawia nusu ya kiti chake na nusu ya wateja wake. Namwita yaya, kama tunavyowaita dada wakubwa kwetu, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Nikiugua, ananipikia. Nikigombana na mwenye nyumba, ananisemea kwa Kizulu chake cha kubahatisha. Sina ndugu mwingine mjini humu, na sasa nilikuwa na habari njema bila kuwa na wa kumwambia.

Wimbo wa tano ni wa mume wake.

Kwetu mtu akifa tunakaa matanga, na hata ugenini tunakaa, kwenye fleti ya mtaa wa Sydenham, juu ya viti vya plastiki vya kuazima kanisani. Mimi nilikuwa mtungaji wa matanga. Nilikuwa nafika mapema, nauliza jikoni marehemu alipenda nini na aliudhi watu kwa lipi, kisha nakaa sakafuni naimba. Mwisho wa kila ubeti naita jina lake, na waliokaa wanaitikia kwa niaba yake. Bibi yangu alifanya hivyohivyo. Bila jina hakuna wa kuitikiwa, na bila kuitikia si matanga, ni watu waliokusanyika kunywa chai.

Mume wa yaya alikuwa fundi wa simu. Aliugua miezi michache akaondoka. Niliimba kwamba alicheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe, na kwamba viatu vyake vilikaa daima katikati ya mlango. Watu walilia na kucheka pamoja. Yaya aliitikia jina kwa sauti kuliko wote, mpaka ikakauka.

Miaka ilipita, nikapata nafasi ya kurekodi, katika umri ambao wenzangu wanaimba kwenye harusi za watoto wao. Studio ilikuwa Mobeni, mtaa wa viwanda, nyuma ya ghala la magodoro. Lori likirudi nyuma, tunasimama. Likizima, tunaanza upya. Nilimwomba yaya ruhusa ya wimbo ule naye hakusita. Alisema, "Imba."

Basi nikaimba, na jina nikaliondoa. Nilijiambia namstahi marehemu, jina lake lisizurure kwenye redio za watu wasiomjua. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ni nzuri, inapendeza kuisema. Ya pili siipendi. Jina lake lilikuwa refu, lilikuwa likivuka mpigo wa gitaa, na fundi mitambo alikuwa amechoka, nami nimechoka kuliko yeye. Tulipolitoa, wimbo ulikaa sawa. Pale pa jina tukaacha gitaa lipite peke yake.

Wahakiki walipapenda hapohapo. Mhadhiri wangu aliandika kwamba ule ukimya ni ujasiri, kwamba wimbo usio na jina ni wa kila aliyeacha kwao. Mwingine aliona kwenye vile viatu mlangoni hamu yote ya mkimbizi anayetaka kurudi. Ah, jamani! Viatu vilikuwa viatu, vikubwa, na wote tulijikwaa. Lakini nakiri nilisoma mara tatu, na mara zote tatu nilijiona mtu. Kisha nikainua macho, nikamwona yaya amenipa mgongo, anachambua nywele za kusukia utadhani anachambua mchele.

Nilijua kosa langu, au nilidhani nalijua. Wimbo wa matanga huimbwa unaachwa palepale, haubebwi kwenda sokoni, na pengine ruhusa aliitoa kwa upole tu. Kesho yake niliwahi saluni kabla ya wateja. Nilimkuta anafagia. Nikamwambia anisamehe kwa kumwimba mume wake redioni.

Aliegemeza ufagio ukutani.

"Kuimba? Mi siko na shida na kuimba. Uliniomba, nikasema imba. Jina yake iko wapi?"

Nikamweleza habari ya heshima. Nilieleza kirefu, kama mtu anayejua anadanganya nusu.

"Yaya, sikutaka watu wamchezee."

"Nani anamchezea? Sikiliza. Hatukupata mtoto wa kubeba jina yake. Nyumba haikuwa yake, duka haikuwa yake. Kwetu walibaki nani? Hakuna. Donc, basi, jina ilikuwa iko mu wimbo yako tu. Watu wakiniambia wimbo iko kwa redio, nafungua, naketi, nangoja ile mahali. Kila mara nangoja. Gitaa inapita."

Nilisikia aibu usoni, kali, na chini ya aibu uchovu ule wa miaka, wa kutaka mtu aniambie tu keti. Nikamwambia ukweli, kwamba jina lilikuwa refu na mimi nilikuwa nimechoka.

"Eish," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu alinitazama. "Hiyo naelewa. Hiyo ungesema tangu mbele." Akakaa kwenye kiti cha mteja, mikono mapajani. "Sasa uniimbie. Vile ulimuimba siku ile."

Nilifurahi, sifichi. Nilidhani tumemaliza, kwamba nitaimba, tutalia kidogo, kisha atanipa chai. Nikasimama nyuma yake, kwenye kioo tunaonana, nikaanza. Kicheko kabla ya kichekesho. Viatu mlangoni. Sauti yangu ilikuwa nzuri asubuhi hiyo, nzuri kuliko ya studio. Alifumba macho na kuvuta pumzi, tayari kuitikia.

Nikafika mahali pa jina, mdomo wangu ukapita. Mwaka mzima wa mazoezi, wa kurekodi na kurudia, ulikuwa umenifundisha kunyamaza pale, nami nikanyamaza, vizuri kabisa, kwa mpigo. Alifumbua macho. Nikamwambia ngoja, nimekosea, nianze tena. Nikaanza tena, nikiwa nalishika jina kwa ulimi tangu mstari wa kwanza, na nilipofika pale nikapita tena.

Safari ya tatu hakuningoja. Aliliita mwenyewe, lote, polepole, ndani ya ile nafasi niliyosifiwa nayo. Na hakuna aliyemwitikia, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaingia kwenye mstari unaofuata.