Kadi ya Picha na Stika ya Duka

Nilifika Mwanza kutoka Songea. Lori la mahindi lilinishusha Makambako, nikapanda basi hadi Dodoma, na Dodoma nikaingia treni ya reli ya kati, daraja la tatu, nikakaa juu ya begi langu hadi Tabora. Pale Tabora mabehewa yalikatwa, mengine yakaelekea Kigoma na sisi tukaelekea ziwani. Mzee mmoja tuliyekula naye karanga tangu Manyoni alikuwa amelala katika behewa lisilo lake. Nadhani aliamka Kaliua, njia ya Kigoma.

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na imani kwamba mwenye cheti hicho hawezi kulala njaa mji wenye samaki. Sikukosea sana. Viwanda vya minofu vilikuwa vikiajiri, nikaajiriwa, nikachoka na baridi ya vyumba vile, nikaacha. Mimi ni mtu wa kuacha. Nimeacha miji mingi tangu wakati huo, na mingi siikumbuki hata harufu. Ule naukumbuka kwa sababu ya kompyuta moja.

Mwenye kompyuta alikuwa mama mmoja wa Kijita, mjane, mtu wa upande wa Musoma, aliyekuwa akiuza mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kwenda Ulaya. Aliyakaanga na kuyauza Igogo kwa miaka. Wenzake walipopata fedha walinunua mabati ya kuezekea nyumba. Yeye alinunua kompyuta. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilianza kuruhusiwa kuingia nchini, na mama aliona jinsi vijana wa mjini walivyopanga foleni kucheza gemu za televisheni. Alifungua chumba kimoja kando ya barabara. Asubuhi kompyuta ilichapa barua za watu, mchana ilicheza gemu. Aliniajiri mimi kwa sababu niliizoea kompyuta ya parokia kwetu, na kwa sababu nilijibu maswali yake bila kusita.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha zikaja gemu mpya za mbio za magari, na mashine yetu ikashindwa kuzichora. Gari lilikuwa likisimama, linaruka, linasimama tena.

"Mama, hili gari limebeba mapanki?" kijana mmoja akauliza, na chumba kizima kikacheka.

Mama hakucheka. Wiki ile wateja walianza kuhamia kwa mwenye gemu mwingine karibu na stendi.

Dawa niliijua: kadi ya picha, kile kibao kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kazi ya kuchora isiilemee mashine yenyewe. Mfanyabiashara mmoja alituletea moja kutoka Nairobi, mpya, ndani ya boksi lake. Lakini nyuma ya kasha la kompyuta, pale bamba linapokutana na fremu, duka lililotuuzia lilikuwa limebandika stika nyembamba yenye muhuri. Huwezi kufungua kasha bila kuichana.

"Tukifungua wenyewe, waranti inakufa," nikamwambia mama.

"Walanti si ya safari?"

"Safari gani?"

"Marehemu mume wangu, mwalimu, alipohamishwa tulipanda meli na treni kwa walanti ya serikali, bila kulipa nauli. Mimi nilijua mashine ikiharibika wao ndio watalipa nauli yake mpaka Dar."

Nikamweleza kwamba waranti hii haikuwa nauli. Ilikuwa ahadi ya mwaka mzima: kikifa chochote ndani ya kasha, duka litaweka kingine bure. Akaiangalia ile stika.

"Basi hiyo ndiyo nyumba ambayo sikujenga," akasema. "Usiiguse. Na wewe usiondoke mpaka mwaka uishe. Nayaona macho yako, yako barabarani. Mashine ikifa, nani atanisemea pale dukani?"

Niliahidi kukaa. Sikuwa nimewahi kumwahidi mtu jambo kama hilo.

Fundi redio wa jirani alisema stika inabanduka kwa mvuke wa birika, na kwamba yeye ana mkono mwepesi. Nilimkatalia. Njia safi ilikuwa moja tu: aliyeibandika ndiye aichane. Basi mimi na mama tukaibeba kompyuta hadi dukani, katikati ya mji.

Fundi wa duka alikuwa Msukuma wa Buswelu, shati jeupe, uso usiocheka. Aliigeuza kadi yetu mkononi.

"Hii si yetu. Ikiingia, waranti basi."

"Uiweke wewe, si mimi," nikasema. "Ubandike stika mpya. Uandike kwamba kadi ikifa ni juu yetu, na vingine vyote bado ni juu yenu."

"Bosi atasema nini?"

"Atasema una akili."

Hakucheka. Aliniangalia kidogo. "Unaongea kama mtu wa kusini. Kwenu wapi?"

"Songea."

"Mngoni?"

"Mngoni kabisa."

Akaweka kadi mezani. "Kumbe muda wote nabishana na mtumwa wangu."

Hapo nikajua tumefika. Wangoni na Wasukuma ni watani. Mababu walipigana, wajukuu tumebaki kutukanana na kuchukuliana vitu, hata msibani. Mtani hakasirikiwi, na anachokitaka mbele za watu ni vigumu kumnyima. Nikazunguka kaunta, nikakaa kwenye kiti chake.

"Mtumwa ni wewe," nikasema. "Babu zangu waliwaacha hai ili siku moja mje kutufungulia kompyuta. Chukua bisibisi."

"Walituacha? Walikimbia mpaka wakatupa ngao. Bibi yangu alianikia michembe ya viazi juu ya ngao hizo."

"Ndiyo maana ilikuwa mitamu."

Wateja waliacha walichokuwa wakinunua. Mama, ambaye utani huo haukuwa wake, alisimama akiwa amekumbatia boksi la kadi. "Mnatukanana au mnafanya kazi?"

"Tunafanya kazi, mama," fundi akajibu, na kweli alikuwa ameshachana stika. "Huyu nikimnyima atalia njia nzima mpaka Songea."

Alichomeka kadi, akaiwasha mashine, akaona picha, akafunga. Akabandika stika mpya, akatia sahihi juu yake, na kwenye karatasi ya waranti akaandika maneno yangu karibu kama nilivyoyasema. Jioni ile gari lilikimbia kwenye skrini bila kusimama hata mara moja, na kabla ya Jumapili vijana walikuwa wamerudi.

Kompyuta ilikufa wakati wa mvua. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na baada ya hapo hakuna taa iliyowaka ndani ya kasha. Mama alifunga mlango wa chumba, akaketi kwenye kiti cha wateja, kisha tukaibeba kwenda dukani.

Safari hii mwenye duka mwenyewe alikuwepo.

"Kadi ya mtaani imeunguza mashine," akasema kabla hatujaiweka chini. "Hiyo hatuibebi."

"Stika ni yangu na sahihi ni yangu," fundi akasema. "Tupime kwanza."

Aliitoa kadi yetu, akawasha. Kimya. Akatoa kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, akaweka kingine cha dukani, akawasha. Mashine ikaamka. Akarudisha kadi yetu, na picha ikaja.

"Kilichokufa ni chenu," nikamwambia mwenye duka.

Alisoma karatasi ya waranti mara mbili, akaguna, akakubali. Mama alishusha pumzi ambayo nadhani aliibana tangu Igogo.

"Mama, siku nyingine njoo mwenyewe uniulizie mimi," fundi akamwambia akibandika stika nyingine. "Huyu mtumwa simwamini, ataniibia kiti."

Mama alicheka, na njiani alikuwa bado anacheka. Tulipokaribia Igogo akanigeukia.

"Sasa nina mtu pale dukani," akasema.

"Mwaka haujaisha, mama."

"Haujaisha. Lakini wewe umekaa kama mtu aliyekwisha funga begi. Mfundishe mtoto wa dada yangu kuchapa, halafu nenda."

Binti yule alijifunza haraka. Siku niliyoondoka nilipita chumbani asubuhi. Mama alinisindikiza mpaka mlangoni tu, maana vijana wawili walikuwa wameshaketi mbele ya skrini na hakupenda kuwaacha peke yao na mashine.

"Shikamoo mama," nikasema, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia.

"Marahaba. Nenda, gari litakuacha."

Akageuka kuangalia mchezo. Pale Usagara basi liliacha barabara ya Shinyanga, likashika ya kivukoni kwenda Geita, na nilikuwa na furaha kama kila ninapoondoka. Mwanza sijarudi tena.