Kamba ya Floors Links

Kwa miaka kumi na minne Andries Obies hakumimina chai kwa mkono wa kulia. Majirani zake Port Nolloth, mji mdogo wa pwani ya Afrika Kusini, walidhani ni baridi yabisi, maradhi ya wazamiaji wote wa pale, naye akawaacha wadhani. Ukweli ni kwamba mkono ule ulikuwa ukivutwa. Amekaa zake kanisani, au anapaka siagi mkate, mara kifundo kinashtuka kana kwamba kuna mtu chini anamwita.

Mtu mwenyewe alikuwa Floors Links, rafiki yake wa tangu utotoni. Floors alikuwa akishuka baharini na mpira wa hewa mdomoni, ananyonya kwa bomba changarawe za almasi zilizojificha kwenye mianya ya mawe. Andries alibaki mashuani, ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa mwenzake. Kamba ikivutwa kutoka chini, unampandisha mtu. Hakuna mjadala.

Ila pomboo wa pwani ile, wadogo wenye matumbo meupe, hawamwogopi binadamu. Walimzoea Floors hata wakajifunza kuichezea kamba yake, wakaisukuma kwa pua na kujisugua nayo, na washika kamba wakazoea kucheka badala ya kuvuta. Siku jiwe lilipomwangukia Floors mguuni na kuubana mpira wake wa hewa, Andries aliisikia kamba ikitikisika.

"Wameanza tena vichaa wetu," alimwambia mzamiaji wa akiba, aliyekuwa na suti mwilini tayari, akitafuna mkate.

Kwenye uchunguzi wa kifo cha Floors alisema kamba ilitulia tuli. Wakamwamini, hata mjane. Baadaye akaikataa kabisa kazi ya kamba, akawa mzamiaji, na mji mzima ukamwita jasiri. Jasiri wa nini! Alikuwa akiogopa kamba kuliko maji. Na kule chini pomboo walimpokea kwa furaha ileile, wakamzunguka kimya, maana sauti zao sikio la mtu halizipati. Aliwachukia kwa urafiki wao.

Juma lililopita bahari ililala baada ya wiki tatu za mawimbi. Mshika kamba alikuwa amevunjika mkono, na Nahodha Sarel akaja gatini na Dorkas, binti pekee wa Floors, mwenye umri wa miaka ishirini na sita na mabega ya baba yake.

"Mjomba Andries, leo uko mikononi mwangu," Dorkas akacheka. "Kama una deni la dhambi, tubu kabisa."

Andries akajifanya anafunga mkanda wa uzito wa kuzamia.

Hakukaa chini ya maji hata dakika kumi. Pomboo mmoja mwenye pezi lililochanika akaisukuma kamba, na papo hapo Andries akajikuta anapandishwa kama gunia. Akashuka tena, akapandishwa tena. Mara ya tatu Sarel akashindwa kuvumilia.

"We binti, unavua mtu au unavua samaki? Hao ni pomboo! Kila mtu anajua ni pomboo!"

"Mimi sijui," Dorkas akajibu. "Nikiwa huku juu nitajuaje? Mjomba, wewe ulikuwa unajuaje?"

Aliuliza kwa nia njema kabisa, kama mwanafunzi anayemuuliza fundi. Andries alikuwa ameshika ukingo wa mashua, maji yakimchuruzika usoni, na akaona hawezi tena.

"Nilikuwa sijui," akasema. "Baba yako aliivuta, Dorkas. Aliivuta mara nne. Nikasema ni pomboo. Nikacheka."

Sarel akazima injini ya bomba la changarawe. Dorkas aliitazama kamba mkononi mwake. Kisha akasema, "Shuka."

"Mwanangu..."

"Nimesema shuka, Mjomba."

Andries angeweza kukataa. Akashuka.

Yule wa pezi lililochanika alikuwa akimngoja. Akamwekea pua kwenye kioo cha uso, akamchungulia kwa jicho dogo jeusi, kisha akaiendea kamba na kuisukuma. Juu kimya. Andries akasikia pumzi zake mwenyewe tu zikipiga kelele ndani ya mpira. Pomboo akaisukuma tena. Juu kimya. Sasa alijua jinsi Floors alivyotazama juu akingoja, na jinsi kamba isiyojibiwa inavyolegea. Hakuivuta mwenyewe. Aliona hana haki hiyo.

Pomboo akaisukuma mara ya tatu, na Andries akang'olewa kutoka chini kwa nguvu hata kiuno kikalia.

Alipotoa kichwa majini, Dorkas alikuwa amepiga magoti, kamba imemchubua viganja, machozi na kamasi vimechanganyika usoni.

"Nilikusudia kungoja mpaka ya nne," akasema, "nijue mtu anawezaje. Ya tatu imenishinda. Sijaweza, Mjomba. Wewe uliwezaje?"

Kwa miaka kumi na minne Andries alikuwa amejiambia kuwa mtu yeyote angekosea vilevile.

"Jumapili utakuja nyumbani umwambie mama," Dorkas akasema, akijifuta kwa mkono wa sweta. "Mimi simwambii. Utamwambia wewe, kwa kinywa chako."

Kisha akaizungusha kamba upya mkononi, akangoja Andries ashuke.