Lurene Tackett na Kabati la Vitabu vya Wafiwa

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mtu aliyezikwa kijijini Pigeon Branch bila Lurene Tackett kufika kwa wafiwa na kitabu. Hakufika siku ya mazishi, maana siku hiyo, alisema, mtu hana hata macho ya kusomea. Alisubiri wiki ya tatu, wageni wakishatawanyika na ndugu wa Ohio wakisharudi makwao, mfiwa akabaki yeye na saa ya ukutani. Hapo ndipo alipogonga mlango, kitabu mkono huu, keki ya tufaha zilizokaushwa mkono ule, na neno lake lilikuwa lile lile: "Kurasa mbili kila asubuhi, mpenzi. Usiruke. Dawa hairukwi."

Vitabu vilikaa kwenye kabati nyuma ya kanisa, kati ya jiko na vigingi vya makoti. Kulikuwa na vya waliofiwa na watoto, vya walioachwa na waume, vya wagonjwa waliopona na vya wasiopona. Kila kimoja kilianza kwa machozi na kuisha na mtu akisimama tena kwa neema ya Mungu. Lurene alikuwa amevisoma vyote, na alivipanga kwa aina ya maumivu. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake. Anayeazima aliandika jina na tarehe, kadi ikabaki kwenye kisanduku, na mwisho ulikuwa wiki mbili. Ukichelewa, alikuumbua Jumatano mbele ya chakula cha jioni cha washirika.

"Harlan Combs," aliwahi kumpigia kelele mjane mmoja wa kiume, "nimekuona Jumamosi ukicheza dansi mjini Hazard. Rudisha kitabu, kuna mwenzako anasubiri kulia!"

Watu walimcheka na kumpenda. Lakini wahenga walishasema, mganga hajigangi.

Mwaka jana, asubuhi moja ya Machi, mumewe Hobart alitoka kwenda kuchukua chakula cha ng'ombe. Kwenye kona ya daraja alikutana na gari lililokuwa likiendeshwa na Colby Sizemore, kijana wa miaka ishirini na mitatu, akitoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kuku. Colby alikuwa amelala kwenye usukani. Yeye alivunjika mtulinga. Hobart alikufa pale pale. Kijana hakuwa amelewa hata tone, na Lurene alitamani sana angekuwa amelewa, walau chuki ipate pa kushika. Mahakama ilimpa miaka mitatu jela.

Sasa, Colby huyo mama yake ni Ona Sizemore, ambaye kwa miaka kumi na minane alikaa kando ya Lurene kwenye kwaya. Baada ya msiba Ona alihamia kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, akawa anaondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Hakuna aliyemwambia ahame. Na hakuna aliyemwambia arudi.

Chakula kilikuja kwa Lurene kama kinavyokuja kwa kila mfiwa: maharage mabichi na nyama ya nguruwe, viazi vya jibini, kuku wa kukaanga, kila chombo kimebandikwa jina la mwenyewe chini kwa utepe ili kijue njia ya kurudi. Lurene hakuweza kumeza kitu. Kilichopita kooni mwake kilikuwa kimoja tu, kuku wa mchuzi mzito na madonge ya unga, kwenye sufuria ya buluu iliyoachwa barazani alfajiri, imefunikwa kwa foili. Alikila siku nne. Alikila amesimama, kwa kijiko, akilia, na alihisi mwilini mwake kuna mtu anayemtakia aishi. Alipoipindua sufuria ili airudishe, chini hapakuwa na jina.

Akauliza kanisani, akauliza dukani. Kila mtu alikana. Huwezi kukaa na chombo cha mtu, na huwezi kukirudisha kitupu, lakini utakirudisha kwa nani? Sufuria ikapandishwa juu ya friji, ikakaa huko mwaka mzima na zaidi.

Wiki ya tatu watu wakamletea vitabu. Vitabu vyake! Vile vile alivyowapa, pamoja na keki, pamoja na "kurasa mbili kila asubuhi." Alivipokea kwa adabu, na hakuna hata kimoja alichovuka ukurasa wa pili. Kilichomkera zaidi ni furaha ya mwishoni. Aliacha kwenda kwenye kabati, akamwachia ufunguo wifi yake Twyla. Kanisani, wakati wa sala ile wanayoisema wote kwa pamoja, alinyamaza kila walipofika penye kusamehe, akaendelea na wenzake baada ya hapo. Alidhani hakuna anayesikia.

Ikafika Mei, na Jumapili ya Makaburi ikabaki siku nne. Pigeon Branch siku hiyo huwezi kuikosa. Watu wanapalilia makaburi ya watu wao, wanaweka maua, wanaimba, kisha wanakula pamoja kwenye meza ndefu chini ya kilima. Na kila mwaka, kabla ya kula, Lurene alisimama akawasomea walio hai ukurasa mmoja kutoka kabatini.

"Mchungaji anauliza kama utasoma," Twyla alimwambia Jumatano, wakipanga vikombe jikoni mwa kanisa. "Ukikataa hatakulaumu."

Lurene alijua akikataa itakuwaje. Wote wangejua kwamba dawa aliyowanywesha miaka yote ile, yeye mwenyewe imemshinda. Na akikubali, atasimama hatua kumi kutoka kaburi la Hobart aseme habari za msamaha ambao hanao. Hajawahi kusema uongo juu ya kaburi la mtu.

"Nitasoma," alisema kwa ukali. "Nipe kile cha kijani, cha kusamehe."

Twyla akaanza kufuta kikombe kilichokwisha kukauka. "Kipi cha kijani?"

"Twyla, wewe uongo haukai usoni, unateleza. Kiko wapi?"

Akaenda mwenyewe kwenye kisanduku, akaitoa kadi. Ilijaa mwandiko mmoja kutoka juu hadi chini, O. Sizemore, mara tisa. Kila wiki mbili kwa tarehe yake, hakuchelewa hata siku moja.

"Na wewe umekuwa ukimwazimisha!"

"Mshirika yeyote anaruhusiwa. Sheria ni yako, wifi, mimi nimeikuta."

"Aliyefiwa ni mimi! Yeye humo anatafuta nini?"

Twyla akaweka kikombe chini. "Hobart alikuwa mume wako miaka arobaini. Alikuwa kaka yangu miaka sitini na tano. Sijakusikia hata siku moja ukiniuliza kama na mimi nimefiwa. Kwa hiyo mambo ya nani anatafuta nini, usiniulize mimi. Nenda kamuulize mwenyewe."

Lurene alienda. Aliendesha gari kwa hasira, tena kwa mwendo ambao Hobart angeupigia kelele, na njia nzima alikariri sentensi moja: Nimefuata kitabu cha kanisa. Alipanga kuisema mlangoni, achukue kitabu, ageuze gari.

Ona alifungua mlango akiwa na unga mikononi. Alikuwa amekonda mpaka gauni linampwaya. Hakushtuka. Alisogea tu pembeni, kama mtu aliyekuwa akiusubiri ugeni huo tangu mwaka jana.

"Nimefuata kitabu cha kanisa," Lurene alisema.

"Kiko jikoni. Pita, Dada Lurene. Au nikuletee hapo hapo?"

Miguu ya Lurene ikapita bila kumuuliza. Kitabu kilikuwa mezani, kimefunguliwa, na kando yake miwani. Alikichukua. Alipoinua macho aone njia ya kutokea, akaona ukutani, juu ya jiko, mfuniko wa buluu umetundikwa kwenye msumari. Mfuniko peke yake.

Akausogelea.

"Jina lilikuwepo," Ona alisema nyuma yake, taratibu. "Nililiandika. Nilipofika barazani kwako nikalibandua. Nilijua ukiliona utawamwagia mbwa."

"Ningewamwagia kweli."

"Najua."

"Nilikula siku nne." Lurene aligeuka. "Nyumba nzima imejaa chakula, Ona, na ni hicho tu kilichopita. Wiki ile hakuna mwingine aliyenilisha. Ni wewe tu."

Ona akashika ukingo wa meza, unga ukabaki pale alipogusa. Lurene akaketi bila kukaribishwa. Hasira aliyokuja nayo aliitafuta, akaipata nusu tu, na nusu hiyo akaitumia.

"Mara tisa! Kitabu kimoja mara tisa! Unatafuta nini ndani yake?"

"Natafuta ukurasa wangu," Ona alisema. "Nilidhani nimeuruka. Nikaanza tena. Mwandishi anasema na mke aliyefiwa, anasema na mama aliyefiwa, anawafundisha jinsi ya kusamehe, vizuri sana mpaka nalia. Halafu najiuliza, mimi niko wapi hapa? Mama wa aliyeua hayumo, Dada Lurene. Nimetazama mpaka kurasa za mwisho zisizo na maandishi."

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lurene hakujaliwa mtoto, na labda ndiyo maana msemo huo ulikuwa umempita pembeni maisha yake yote. Jikoni mule ulimpata. Alilipitia kabati lake lote kichwani, rafu kwa rafu, maumivu kwa maumivu, akimtafutia Ona kitabu. Mkono ulimwenda kama kawaida yake, lakini ukarudi mtupu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amenunua dawa za upande mmoja tu wa kidonda.

"Sina kitabu chako," alisema hatimaye, na lilimuuma kulisema kuliko alivyotegemea. "Sina, Ona. Wala msamaha sijui kama ninao. Sitaki kukudanganya."

"Sikukuomba."

"Ndiyo. Ungeniomba ningekufokea." Akainuka, akakirudisha kitabu mezani pale pale alipokikuta. "Sufuria hairudishwi tupu. Ijumaa nitakuletea, na viazi ndani. Jumapili uje nayo makaburini, na kuku."

"Watu hawatakula kwangu. Wewe unajua."

"Mama yako amelala kilima kile kile. Nani atampalilia, mimi? Njoo."

Jumapili jua lilikuwa la upole. Nyasi zilikwisha kukatwa, kila kaburi lina maua yake, na Lurene alikuwa amemwekea Hobart mapeoni, maua makubwa ya rangi ya waridi, ya bustani yake mwenyewe. Mchungaji Estill alipomwita, alisimama mikono mitupu. Watu wakatazamana.

"Nimewagawia vitabu kama mtu anayegawa peremende harusini," alisema. "Wengi mlisema vimewasaidia, na Mungu ashukuriwe kama ni kweli. Mimi mwaka huu nimekwama ukurasa wa pili. Sala pia nimekuwa nikiinyamazia katikati, na nadhani mmesikia. Kwa hiyo leo sisomi. Bariki chakula, Mchungaji, tule."

Mchungaji akabariki haraka haraka.

Meza zile zina hukumu yake, na kila mwanamke wa Pigeon Branch anaijua. Chombo kinachorudi nyumbani kimejaa ni aibu isiyosemwa. Watu walipita na sahani zao, wakachota maharage, wakachota mkate wa mahindi, wakachota viazi vya huyu na mayai ya yule. Mwisho wa meza sufuria ya buluu ilikuwa imefunikwa kwa mfuniko wake. Kila aliyeifikia akakumbuka kwamba ameshiba. Ona alikuwa amesimama nyuma yake akitazama viatu vyake.

Lurene alikuwa hajachota chochote. Alitembea urefu wote wa meza na sahani tupu, mbele ya macho ya watu wote, mpaka mwisho. Akafunua. Akajipakulia mara tatu, sahani ikafurika, akala amesimama pale pale. Kisha Twyla akaja na sahani yake, akachota. Nyuma yake akaja Harlan Combs, na nyuma ya Harlan ukaanza msururu.

"Chumvi imepungua," Lurene alisema, mdomo umejaa.

"Na ile ya mwaka jana ilipungua," Ona alijibu. "Nilikuwa nalia, sikuonja."

Lurene akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Wakasimama bega kwa bega kama zamani kwenye kwaya, kila mmoja anajifuta kwa mkono wake.

"Colby huniuliza," Ona alisema kwa sauti ya chini. "Kila barua. Haulizi habari za nyumbani wala za kesi. Anauliza kama ulikula kile nilichokuachia. Miezi yote hii namwambia sijui. Leo nikifika nyumbani nitamwandikia."

Lurene alimaliza donge lililokuwa mdomoni. Aliweka sahani mezani.

"Usimwandikie," alisema. "Jumamosi tutakwenda gerezani wote. Nitamwambia mwenyewe."