Baba Mkwe na Kimya cha Lugalo

Baba mkwe wangu, Mzee Vitus, ni kinyozi hapa Kihesa, na kunong'ona hajui. Ukishakaa kwenye kiti chake, utasikiliza vita vya Lugalo, Wahehe walipowapiga Wajerumani, utake usitake.

"Si mikuki!" anafoka, mashine ikiwa hewani. "Ni kimya! Watu wamejilaza kwenye majani, adui anapita, hakuna anayekohoa!"

Jamani, kelele hizo zimenichosha.

Jana alikuja nyumbani akakuta mjukuu wake, Goodness, homa imemwachia na usingizi ndiyo kwanza umemchukua. Mzee akavua viatu mlangoni, akanyata, kikohozi amekibana mpaka machozi yanamtoka. Akanitazama, akachezesha midomo bila sauti:

"Lugalo."