Mkono Usio na Mpigo

Mimi ni Kalunde, wa Matinyani, Kitui. Nasema haya kwa ajili ya yeyote aliyeambiwa aende Nairobi akapigwe picha ya mishipa ya damu, akaogopa. Mimi niliogopa nusura nife.

Kabla ya kuugua nilikuwa mama wa watoto wawili, Mwende na mdogo wake, mkulima wa mbaazi na msukaji wa viondo, vikapu vyetu vya mkonge. Kwetu mwanamke hakai bure. Unatembea ukisuka, unasubiri zamu ya maji ukisuka, hata mchungaji akihubiri mikono iko kazini. Nilikuwa na kasi, na nilijua hivyo.

Ilianza na homa ndogo za jioni na kukonda. Kisha mkono wa kushoto ukaanza kuchoka. Nikiinua mtungi unauma na kufa ganzi, nikiupumzisha unatulia. Nikasingizia viondo. Baadaye kichwa kikawa kinaniuma kila asubuhi, na nikisimama macho yanaingia giza.

Kwenye zahanati nilipanga foleni nikisuka. Zamu yangu ilipofika sikutaka kuachia kazi, basi nikampa mhudumu mkono wa kushoto, wa kulia ukabaki umeshika kiondo ili safu isilegee. Akapima, akatikisa kichwa.

"Presha yako iko chini sana, mama. Ongeza chumvi kwa chakula."

Nilirudi mara nne, na mara zote nikampa mkono uleule. Nyumbani mama mkwe alinitilia chumvi kwa uji, kwa supu, kwa kila kitu, na alifanya hivyo kwa upendo. Nikazidi kuumwa.

Siku moja nilianguka shambani. Mume wangu, Musyoka, akanipeleka hospitali mjini Kitui. Daktari, mama mmoja mpole, alinishika mkono wa kushoto, wa kulia bado umeshika kiondo, akatafuta mpigo, akatafuta tena.

"Weka hicho kiondo chini. Lete ule mwingine."

Akapima wa kulia mara mbili. "Nani alikuambia presha iko chini? Huku iko juu kabisa. Na huku kushoto sipati mpigo."

Akanieleza kwamba huenda kuta za mishipa yangu mikubwa zimevimba, damu inakosa njia, na ni picha ya Nairobi tu itakayoonyesha ni wapi. Nikakumbuka mara zote nilizotoa mkono uleule, nikaona aibu kuliko maumivu.

Mama mkwe alilia. "Mkono hauna damu, si wataukata? Utarudi na mmoja, Kalunde."

Nilimwamini. Nikakataa kwenda wiki tatu nzima. Mwishowe Musyoka akachoka.

"Mama Mwende, afadhali nikae na wewe ukiwa na mkono mmoja kuliko nikuzike na yote miwili."

Tukaenda Nairobi.

Walinidunga ganzi kwenye kinena, wakapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa hadi karibu na moyo. Nilikuwa macho. Waliposukuma dawa inayofanya mishipa ionekane, joto likanishuka kutoka kifuani hadi mapajani, nikadhani nimejikojolea. Likapita.

Kesho yake daktari wa huko akaweka filamu kwenye taa. Mshipa wa figo moja ulikuwa umebanwa, ndiyo maana presha ilipanda. Ule wa mkono wa kushoto ulisinyaa, kisha ukapotea kabisa.

"Mtaukata lini?" nikauliza.

"Tukate nini? Tazama hapa." Kando ya palipoziba kulikuwa na vimishipa vyembamba vingi, vimezunguka na kuingia tena mkononi. "Hivi vimejitafutia njia. Ndivyo vinavyoulisha mkono wako. Utabaki nao."

Nililia mbele yake bila haya.

Nilimeza vidonge vya kutuliza uvimbe zaidi ya mwaka, pamoja na vya presha. Uso ulifura kwa dawa hizo kama andazi, majirani wakanisifu eti nimenona. Chumvi nikaiacha. Homa ikaisha, macho yakatulia.

Namshukuru Mungu, na yule daktari wa Kitui, na Musyoka kwa ukali wake. Wewe unayeumwa, ukipimwa toa mikono yote miwili. Ukiambiwa picha, nenda. Picha haikati mtu.

Juzi muuguzi mgeni alinishika mkono wa kushoto, akaruka.

"Mama! Hapa hakuna mpigo!"

"Najua, mwanangu," nikamwambia. "Lakini mkono huo ndio ulionichotea maji asubuhi."